Baashi ya Matanga

Profesa alipotupa zoezi la kwanza nusura nipige vigelegele darasani. Tulikuwa wanafunzi wa uzamili wa kazi za kibinadamu na anthropolojia tumizi, watu wazima wenye watoto nyumbani, na zoezi lenyewe lilikuwa fupi: chagua kitu kimoja cha msaada, ukifuate mikononi mwa watu tangu siku kilipotolewa. Wenzangu wakakuna vichwa. Mmoja akataja unga, mwingine vyandarua. Mimi nilikuwa nimeshaandika neno moja daftarini na kulipigia mistari miwili: baashi.

Baashi ndilo jina letu la turubai la plastiki. Wakati wa vita, treni ziliposimama na watu wa vijijini wakajazana kwetu Kindu, shirika moja lilituletea kwa ndege, baashi moja kila nyumba, tuzibe mapaa yaliyovuja. Hakuna aliyeziba. Wiki haikupita bila matanga, mvua ikiwanyeshea wafiwa uwanjani siku tatu nzima, na wanawake wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, wakaamua kwamba nyumba na ivuje, mfiwa asilowe. Walizishona baashi zao kwa uzi wa magunia, zikawa moja kubwa ya kufunika uwanja. Aliyeshika sindano ni mama yangu. Wakaweka na sharti: ikishatandazwa matangani haikunjwi mpaka matanga yaishe, hata aje nani.

Akaja mkaguzi wa shirika. Nilikuwa na miaka tisa, peke yangu nyumbani, mama amekwenda mtoni kufua. Wanawake walikuwa wamekubaliana kwamba mtu wa shirika akija asijibiwe na yeyote, aitwe mkubwa wao, mama wa nyumba ya kona, amweleze. Nilijua vizuri sana. Lakini yule bwana alikuwa na kofia safi na kalamu ya kubonyeza, na aliniuliza mimi, kana kwamba ndimi mwenye nyumba: "Baashi yenu iko wapi?"

"Haiko huku!" nikajibu kwa mbwembwe. "Iko kwa watu wengine, ng'ambo."

Nilisema kweli. Siku hiyo ilikuwa matangani, upande wa pili wa mto. Akaandika, akaenda zake, hakuuliza la pili. Ndege iliyofuata ilileta sabuni na mablanketi, na avenyu yetu ilikuwa imefutwa kwenye orodha, eti tumeuza baashi.

Mama wa kona aliwakusanya wenzake awaulize nani alimjibu yule mtu. Mama yangu, ambaye nilikuwa nimeshamwambia yote, akasema, "Njo mimi," yaani ndiye yeye. Aliporudi nyumbani alinishika masikio yote mawili, akaniambia nisimwambie mtu, kamwe. Tangu hapo hakupewa sindano tena, na kila penye matanga alikaa pembeni, nje kidogo ya duara la wenzake. Nilikua nikimwona pale pembeni na aibu ikinila.

Sasa chuo kilikuwa kimenipa nafasi ya kuisafisha avenyu nzima! Nilichukua pikipiki mpaka kwa mama, mdomo haufungi kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na mpango wangu wa kuwakusanya wenzake Jumamosi, kisha akaitazama fomu ya ridhaa, ile ambayo bila sahihi au dole gumba profesa hapokei mazungumzo ya mtu. Akanirudishia.

"Karatasi njo ilitufunga ile wakati. Sitatia kidole."

"Mama, hii ni karatasi ingine."

"Nitakuya, nitakaa na wenzangu. Lakini karatasi, hapana."

Nilikasirika, sifichi. Bila mshonaji mwenyewe sikuwa na kazi ya kupeleka popote.

Jumamosi asubuhi wanawake waliobaki walikusanyika kwa mama wa kona, wakaitoa baashi. Jamani, ipo! Buluu imegeuka kijivu, pembe moja imeliwa na panya, lakini mishono ya mama imeshika vilevile. Tuliitundika juu ya miti, tukaingia chini yake, wakaanza kusimulia wote kwa mpigo, wakikatizana, wakicheka, na mimi nikiandika mpaka vidole vinauma. Sijawahi kufurahia masomo kiasi kile.

"Tungemuonyesha tu yule muntu baashi yetu," alisema mama wa kona. "Lakini mwenzetu mumoja alitangulia kujibu."

Hakumtazama mama yangu. Hakuna aliyemtazama. Mama yangu, juu ya kigoda chake pembeni, alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Ndipo nikaelewa alichokuwa anakiogopa kwenye karatasi: ingeuliza nani alijibu, na angelazimika kuchagua kati ya kusema uongo na kunitaja mimi.

Nikaweka kalamu chini. "Si mama. Njo mimi nilimujibu. Nilikuwa mutoto."

"Nilikuambia unyamaze!" mama akafoka, kwa sauti ileile ya zamani.

Mama wa kona alimgeukia. "Na weye ulibeba hii mambo miaka yote?"

Mama wa kona akasogea kwenye mkeka wake, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. Mama akainuka, akaacha kigoda, akaja kukaa katikati yao. Mtu akamwekea mapajani ile pembe iliyoliwa na panya, pamoja na sindano na uzi.

Akaitazama sindano, kisha akanitazama mimi.

"Leta ile karatasi yako," akasema. "Haraka, niko na kazi."