Hashuki Mtu Mzigo Ukiwa Juu

Ukitaka kumuudhi Yasmini wa Ujiji, mwambie mwanawe Hamimu alikuwa baharia kwelikweli. Atakutazama, atafunika ndoo yake ya mawese, na siku hiyo hakuuzii hata kijiko. Watu husema ni kiburi. Kiburi kitoke wapi, jamani? Yule ana moyo uliopasuka, na aliupasua mwenyewe.

Aliolewa na Bilali, baharia wa maboti ya mbao yanayotoka bandari ya Kibirizi na kuvuka ziwa kupeleka saruji na unga Kongo. Kibirizi kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: hashuki mtu mzigo ukiwa juu. Boti liharibike mashine, lizuiwe na askari wa ng'ambo, wewe kaa nalo. Aliyeshuka kabla ya shehena, hata awe na homa, hapati kazi tena mwambao mzima, na mkewe atasemwa sokoni mpaka akome. Bilali aliwahi kukaa na boti bovu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mpaka wenzake wote wakamkimbia, na aliporudi, mwenye boti alimshika mkono mbele za watu. Heshima ile Yasmini aliishi nayo hata baada ya mumewe kufariki. Ndiyo aliyomlishia Hamimu pamoja na ugali na samaki wa migebuka.

Hamimu akafika mbali kuliko baba yake. Alianza kwa kutia grisi mashine za maboti, akaenda Dar es Salaam kusoma, akapata kazi kwenye meli kubwa ya mafuta huko baharini. Mama mtu akatamba, na nani angemlaumu? Kumbe meli ile ilibeba mafuta ya Irani. Hamimu hakuambiwa, mabaharia wadogo huwa hawaambiwi kitu. Walikuja kujua meli ilipotajwa kwenye vikwazo. Wakanyang'anywa bendera ya usajili, bima ikakatwa, mwenye meli akazima simu, na kila bandari waliyoisogelea ikawaambia wabaki mbali. Wakatia nanga huko huko, tumbo la meli limejaa mafuta na sufuria zao hazina kitu.

Yasmini hakuelewa. Akamwendea jirani yake, mwalimu Erasto, mtu anayeisikiliza redio kuliko anavyomsikiliza mkewe. Mwalimu akamweleza kwamba mataifa makubwa yanahofia Irani isije ikatengeneza bomu la nyuklia, kwa hiyo yanaibana isiuze mafuta ikapata fedha za kulitengenezea, na anayeyabeba naye anabanwa. Yasmini akasema hapo sawa, bomu lisitengenezwe, hakuna mama anayelitaka. Ila akauliza Hamimu wake, mwenye spana na ovaroli moja, anaingia wapi kwenye bomu. Mwalimu akaanza kuizungusha redio yake, kana kwamba jibu limo humo.

Miezi ikapita. Hatimaye watu wema wanaotetea mabaharia wakapata kibali cha kupeleka boti moja, liwachukue waliotaka kushuka, ila mishahara yao waisahau. Boti lingekuja mara moja tu. Hamimu akapiga simu mchana, Yasmini akiwa kwenye meza yake soko la Mwanga, wateja wamemzunguka. Sauti ya kijana ilikuwa imekonda. Alimweleza mama yake yote, halafu akauliza:

"Mama, nishuke?"

Angesema shuka. Neno lenyewe fupi, lingemtoka kabla hajapumua. Lakini akamkumbuka Bilali, akaikumbuka midomo ya wanawake wa soko, na wengine walikuwa wamesimama pale pale wametega masikio. Akajibu kwa sauti ili wamsikie.

"Hashuki mtu mzigo ukiwa juu. Baba yako hakushuka. Kaa, mwanangu, Mungu yupo."

Hamimu akasema, haya mama. Hakubisha. Wanawake wakamsifu Yasmini, naye akaendelea kupima mawese huku anatabasamu.

Haukupita muda Hamimu akashikwa na tumbo, ugonjwa wa kidole tumbo, ule ambao hospitali ya kawaida tu inapasua na mtu anarudi kwake. Nahodha akaiita bandari kwa redio. Bandari ikauliza jina la meli, na ilipolisikia ikasema isubiriwe ruhusa kutoka juu. Ruhusa ilikuja, ndiyo. Ilikuja kijana ameshazikwa baharini. Meli haikuwa na umeme wa kuhifadhi hata samaki, wenzake wakamfanyia sanda ya shuka, mmoja akamsomea, wakamshusha majini.

Ujiji wakamswalia swala ya ghaibu kwa kuwa maiti haikuwepo. Watu walijaa hadi barabarani. Kila aliyempa Yasmini mkono wa pole alimwambia mwanawe kafia kwenye chombo chake, damu ya Bilali ile. Yeye akaitikia tu, akitamani ardhi immeze.

Siku ya hitima akaja kijana wa Tanga, Leodgar, aliyekuwa na Hamimu chumba kimoja melini. Huyu alishuka na lile boti. Alipanda treni hadi Kigoma, na sasa amesimama mlangoni hathubutu kuingia. Wazee wa Kibirizi walipojua ni nani, wakageuza nyuso. Kijana akaingia hivyo hivyo, akapiga magoti mbele ya mfiwa, akaomba radhi kwa kumwacha mwenzake. Akasema Hamimu alikuwa ameshafunga begi. Boti likiwa chini linawangoja, walisimama wote wawili penye ngazi, kila mmoja akampigia mama yake.

Yasmini akamwuliza taratibu, "Wewe mama yako alikwambiaje?"

Leodgar akainama. Yasmini akamwinua kidevu.

"Alisema nirudi, hata peku."

Yasmini akawageukia wazee, kisha wale wanawake wa sokoni, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Msiniambie tena alikufa kama baba yake. Alitaka kushuka. Mimi nilimzuia, ili nyinyi mnisifu."

Akamwinua Leodgar kutoka sakafuni, akamketisha kwenye mkeka karibu yake, na kwa muda mrefu hakuuachia mkono wake.

"Mpigie mama yako," akamwambia. "Mwambie umefika salama."