Bugali ya Harufu ya Mazutu

Hata leo nikisikia harufu ya mazutu, ile dizeli ya kamioni, mate yananijaa mdomoni, lakini si mate ya njaa. Ni yale yanayokuja kabla ya kutapika.

Tulikuwa tunaishi Luberizi, kando kabisa ya barabara inayotoka Uvira kwenda Bukavu. Shamba letu kubwa lilikuwa upande wa milimani, na vita ilipofika huko hakuna aliyethubutu kwenda tena. Lilibaki shamba dogo la nyuma ya nyumba. Mama aling'oa mihogo yote iliyokuwamo kabla watu wenye bunduki hawajaing'oa wao, akaimenya, akailoweka mpaka ikavunda. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu mpaka mpunga uive. Ilibaki kuikausha tu.

Mihogo iliyovunda ukiianika udongoni inashika mchanga, ukiianika ndani inaota ukungu. Mahali pake ni kaburimbo, yaani lami ya barabara, kwa sababu jua likiipiga inakuwa ya moto, na mihogo inakauka juu na chini. Wakati wa amani madereva walipita upande wao, akina mama wakaanika upande wao. Vita iliondoa adabu hiyo. Madereva waliogopa kuviziwa, wakawa wanapita mbio popote, na tairi ikipanda juu ya mihogo inaiacha imebandikwa chini, imechanganyika na uchafu wote wa njiani.

Siku moja dereva wa kamioni alikanyaga sehemu ya mihogo yetu, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mama, nimeshakusagia! Mushahara wangu iko wapi?"

"Rudi ukule ile yenye umesaga!" mama akamjibu. "Na mavi ya tairi yako iko ndani, hautahitaji mboga!"

Jioni ile mama alikusanya mawe makubwa, akayapanga barabarani kuizunguka mihogo. Kuanzia hapo hakuna aliyeikanyaga. Madereva walifika kwenye mawe, wakafunga breki, wakatukana, wakazunguka, halafu wakakanyaga mafuta ili waondoke upesi. Mazutu ya siku zile ilikuwa imechanganywa na vitu gani sijui, maana wanaoiuza kwa madumu njiani hawasemi. Kila kamioni ilipoanza kuondoka ilitapika moshi mweusi, mzito, ukashuka na kulala juu ya mihogo. Ukiigusa, vidole vinateleza. Mama alidhani shida ni ubovu wa magari tu.

Ndipo alipofika mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kutoka Bukavu. Alikuja kutayarisha memwari yake, ile kazi ya kumalizia masomo, juu ya namna madereva wanavyoendesha na moshi unaotoka kwenye magari yao. Mapigano yakafunga njia ya kurudi, akabaki kwetu, analala katika chumba cha kanisa. Akiwa barabarani alijifunga kitambaa puani. Sisi tuliovuta moshi ule kutwa nzima tulimwangalia tu.

Aliwasimamisha madereva awaulize kwa nini wanakwenda mbio.

"Kule nyuma masasi iko inalia," mmoja alimwambia. "Unataka nitembee kama niko napeleka bibi-harusi?"

"Lakini papa, ukishika mwendo moja tu, bila kukanyaga-kanyaga, moshi inapunguka."

"Na weye ukifunga kinywa itapunguka zaidi!"

Watu walicheka, wakampa jina la Profesa wa Moshi. Alinijia mimi pia na maswali yake. Nilikuwa naona haya mbele ya watu waliosoma, mimi niliyeishia shule ya msingi. Nikatazama vidole vya miguu yangu mpaka akaondoka.

Alifunga vitambaa viwili vyeupe kwenye vijiti. Kimoja alikisimamisha kando ya mawe yetu, kingine mbali kidogo, mahali ambapo magari yalipita bila kizuizi. Jioni alimletea mama vyote viwili.

"Mama, ona! Hii ya ku mawe iko nyeusi. Hii ingine iko na vumbi tu. Gari ikifunga breki na kuanza tena, ndiyo inatapika. Mawe yako ndiyo iko inakuletea moshi!"

Alikuwa anacheka kwa furaha. Mama alikishika kitambaa cheusi, akakinusa, akakirudisha. Alielewa, na mimi nilielewa. Akiacha mawe, tutakula moshi. Akiyaondoa, tutakula tairi.

"Sasa minye nifanye je?" akauliza.

"Toa mawe kesho, siku moja tu. Minye mwenyewe nitasimama mu barabara na kitambaa chekundu, niwaonyeshe njia. Hakuna muntu atakanyaga."

"Unaapa?"

"Naapa, mama."

Asubuhi ilikuwa nzuri kweli. Zilipita pikipiki, basi dogo na kamioni za mchele. Mwanafunzi alipunga kitambaa, wakashika upande wao bila kubadili mwendo, na moshi wao ulikuwa mwembamba. Mihogo ikaanza kupasuka kwa ukavu. Mama alivunja kipande, akanionyesha weupe wa ndani.

"Jua likiwa hivi, kesho tunatwanga," akasema.

Jua lilipokuwa utosini ng'ombe walivuka kwenda kunywa maji, wakaacha mavi yao barabarani. Nyuma yao ikaja kamioni ya askari, imejaa mbuzi na magodoro ya watu. Mwanafunzi alipunga mara moja. Kamioni haikupunguza mwendo. Akaruka mferejini. Tairi zilipita kwanza kwenye mavi, kisha juu ya mihogo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Askari mmoja aliyekaa juu ya mizigo alipiga mluzi.

Mwanafunzi alitoka mferejini ametota mpaka kiunoni. Hakwenda kwenye mihogo. Alikwenda kwenye kitambaa kipya cheupe alichokuwa amekisimamisha pale asubuhi.

"Iko nyeupe," akasema. "Mama, hata na ile kamioni kubwa! Moshi karibu hakuna."

Wale askari sikuwachukia nilivyomchukia yeye. Kwa askari hatukuwa tumetegemea kitu.

Mama aliingia nyumbani. Alileta ufagio na jembe, tukaibandua mihogo kipande kwa kipande. Maji ya kwanza ya kuiosha yalitoka ya kijani. Jioni mvua ikaanza, ikawa ya kila siku, tukamalizia kuikausha jikoni juu ya moto. Mavi yalitoka, lakini mazutu haikutoka. Ilikuwa imezama ndani tangu wakati wa mawe, isionekane kwa macho, na joto la moto likaiamsha.

Bugali yake ilikuwa ya kijivu, na iling'aa kidogo. Ukicheua, kamioni inakurudia kooni. Mdogo wangu wa kike aliikataa, akapigwa, akala. Mama alikuwa wa kwanza kumega kila siku. Alikula haraka, uso ameugeuza ukutani.

Njia ilikuwa bado imefungwa, na biskuti za mwanafunzi zikaisha. Mama alimwita aje kula kwetu. Nilikasirika, lakini mama alisema tu, "Iko na njaa, naye ni mutoto wa muntu."

Aliketi, akanawa, akamega tonge kubwa, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alitafuna mara moja, shavu likasimama. Niliona macho yake yanatafuta mlango na mkono wake unapanda kuelekea mdomoni. Mama alikuwa ameinamia sahani yake. Alikuwa ameacha kula, anangoja aone kama chakula chake kitatemwa.

"Meza," nikamwambia.

Mwanafunzi alinigeukia, mdomo umejaa.

"Mama ndiye amekupikia. Meza."

Akameza. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa kiganja. Mama alimsogezea bakuli la sombe.

"Chovya sana," akamwambia. "Inapita vizuri ukichovya sana."