Pudini ya Thelma Isiyo na Ngano

Basi lilipomaliza kupanda mlima na kuanza kushuka bonde la pili, Thelma Thackray alikuwa bado amelipakata sinia lake la bati kama mtu anayepakata mtoto mgonjwa. Alikuwa amelifunga gazeti, na juu ya gazeti taulo. Miguuni pake ulikaa mfuko wenye mayai kumi na mawili, pakiti ya ute wa yai uliokaushwa na kusagwa, na kikopo cha unga wa uwanga. Kijiji walikokuwa wakienda hakukijua. Wifi yake Beryl alihamia huko Aprili, nyumbani kwa mwanawe, na barua yake ilisema tu washuke kanisani, nyumba ya tatu, lango jekundu.

"Ungeliacha tu nyumbani," mumewe Clifford alisema. "Beryl ana lake."

"Lake ni lake."

Clifford alitazama nje. Kuta za mawe makavu zilipanda vilima pande zote mbili, na kila palipobomoka aliguna kidogo. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa amejenga kuta kama hizo kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe bila saruji, na hakuweza kuona pengo bila kumlaumu mtu.

Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu laini cha hospitali. Mwezi wa pili alirudi nyumbani jioni, akavua buti, na Thelma akaona soksi imelowa damu. Ndani ya buti mlikuwa na kipande cha jiwe chenye ncha, ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa amekikanyaga kutwa nzima bila kuhisi. Muuguzi wa kliniki ya kisukari hakuzunguka maneno: sukari imeanza kula mishipa ya miguu, wanga upunguzwe sana, la sivyo wataanza kukata vidole, na baada ya vidole hawajui watakomea wapi.

Clifford hakuwa mbishi wa kupindukia. Aliacha sukari ya chai. Akaacha mkate, akaacha viazi, akaacha hata bia yake ya Ijumaa, ingawa hiyo aliiacha kwa uso wa mfiwa. Ila pudini ya Jumapili alikataa katakata kuiacha. Ngano, mayai na maziwa, rojo linalomwagwa kwenye mafuta ya nyama yanayofuka moshi, kisha oveni inafungwa na hakuna anayegusa mlango mpaka pudini ivimbe isimame kingo zake. Kwa akina Thackray huliwa kwanza, peke yake, na mchuzi wa vitunguu, nyama haijafika mezani. Clifford alikula vipande vinne kila Jumapili tangu alipoota meno.

"Nimeacha kila kitu," alisema. "Hicho niachie."

Thelma alikuwa ametumikia jiko la shule miaka thelathini na mmoja, akapikia watoto mia tatu kwa siku, na hakuwahi kuambiwa kitu hakipikiki akaamini. Akaanza na unga wa lozi. Ikatoka bapa, ngumu, Clifford akaiweka chini ya kikombe chake cha chai akasema angalau ina kazi. Akajaribu unga wa nazi. Ikanuka keki na kuzama katikati. Kisha akakumbuka maganda ya isabgoli, yale ya kulainisha choo, yaliyokuwa kabatini. Hiyo ilivimba kweli, lakini rangi yake ilikuwa ya zambarau, kama jicho lililopigwa ngumi. Clifford aliizunguka mara mbili kabla ya kuomba asamehewe.

Wiki ya kumi na moja alipata. Ute wa mayai mengi, viini vichache, ule unga wa ute, maziwa kidogo yaliyozimuliwa kwa maji, na kijiko kimoja tu cha uwanga cha kuisimamisha. Ikapanda. Clifford akala kipande, akala kingine. Lakini kukubali hakukubali.

"Wewe ni mke wangu, na mimi nina njaa," alisema. "Sisi si mashahidi. Siku Beryl atakapoomba kipande cha pili cha hiyo yako, siku hiyo ngano naizika."

Alijua anachosema. Beryl alikuwa dada yake mkubwa na mrithi wa mkono wa mama yao. Zipo nchi ambako heshima ya mwanamke hupimwa kwa wana aliozaa au dhahabu aliyovaa. Kwao hupimwa kwa urefu wa pudini. Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa yao Beryl alikuwa amekula pudini ya Thelma mara nyingi, kipande kimoja kila mara, kisha hufuta mdomo na kusema inashibisha. Kipande cha pili hakuwahi kuomba kwa mtu yeyote.

Walipofika, Beryl alikuwa bado kanisani. Mlango ulifunguliwa na mkwewe, Pippa, mwanamke wa kusini mwenye mikono myepesi na roho safi, ambaye mumewe alikuwa safarini wiki hiyo. Clifford alikwenda moja kwa moja uani kuukosoa ukuta. Thelma akapiga rojo lake upesi, akalifunika kwa kitambaa lipumzike, akapanda juu kuvua koti na kunawa.

Aliposhuka alilikuta sinia limeegemea kando ya sinki, linameta kama kioo.

"Lilikuwa na masizi, mama," Pippa alisema, amefurahi. "Nimelisugua kwa sabuni na waya. Limekubali lenyewe mwishowe."

Sinia lile halikuwahi kuonja sabuni. Lilipanguswa tu, kila Jumapili, kwa karatasi, na weusi wake ulikuwa mafuta ya miaka yote ya ndoa yao, yaliyoshikana na bati mpaka hakuna kitu kilichoweza kunata juu yake. Thelma alikaa kitini. Alimwambia Pippa asante, maana alilelewa hivyo.

Hapo ndipo Beryl alipoingia na kofia yake ya kanisani. Alitazama sinia, akamtazama Pippa, akafumba macho kidogo kama mtu aliyepitiwa na jeneza.

"Nitakupa langu," alimwambia Thelma. "La mama."

Ilikuwa heshima kubwa, na Thelma aliijua. Pia alijua kuwa pudini ikipanda ndani ya sinia la mama, sifa zote zitakwenda kwa sinia.

"Asante, wifi. Nitatumia hilihili."

"Litanata."

"Basi tutakula kwa kukwangua."

Nyama ilikuwa bado na saa moja na robo kuiva. Thelma akalipaka sinia mafuta ya ng'ombe, akaliweka juu ya moto mkali mpaka likafuka, akalipangusa, akapaka tena. Alifanya hivyo mara sita, madirisha yote wazi, Pippa akikohoa na kuomba radhi. Mara ya sita bati liligeuka rangi ya chai ya rangi. Haikuwa weusi wa miaka thelathini na tisa. Ilikuwa mwanzo.

Mafuta yalipochemka akamwaga rojo, likachachamaa, akafunga oveni. Ilikuwa oveni mpya yenye kioo na taa ndani, na Thelma na Beryl wakavuta viti wakakaa mbele yake kama watu wanaotazama taarifa ya habari. Dakika kumi hakuna kitu. Thelma aliufikiria ule mguu katika kiatu laini. Dakika ya kumi na mbili kona moja ikainuka. Pippa akanyoosha mkono kwenye mpini wa oveni, achungulie vizuri.

"Usiguse," wakasema wote wawili kwa sauti moja, na Pippa akarudi nyuma mpaka kwenye friji.

Kona nyingine ikafuata, kisha kingo zote, kisha katikati ikatuna, ikapasuka, ikatulia na shimo la kutosha kujazwa mchuzi. Thelma akaitoa. Akapitisha kisu pembeni, akainamisha sinia, na pudini ikateleza nzima juu ya ubao, bila kuacha hata chembe.

Mezani Beryl alikata kipande chake, akamimina mchuzi, akatafuna taratibu akitazama ukuta. Clifford hakula, alikuwa akimtazama dada yake. Beryl akamaliza. Akafuta mdomo. Thelma akasikia saa ya ukutani.

Kisha Beryl akasukuma sahani yake katikati ya meza.

"Si mbaya," alisema. "Nikatie kingine, cha pembeni."

Huko milimani, "si mbaya" ni nishani. Clifford aliweka uma chini. Thelma alimkatia wifi yake kona kubwa kuliko zote, na Beryl alipokwisha kuila ndipo Thelma akamwambia kuwa haina ngano.

"Haina ngano?" Beryl alitazama sahani tupu. "Sasa mimi nimekula nini?"

"Mayai na hewa."

"Mayai ni yako," Beryl alisema baada ya kufikiri, "lakini hewa ni ya hapa."

Clifford alicheka mpaka akatoa leso. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesaini, akamweleza dada yake habari ya mguu, ambayo alikuwa amemficha tangu mwezi wa pili, na ya ahadi yake. Beryl hakumhurumia. Alimwambia kuwa mtu aliyejenga nusu ya kuta za wilaya angekuwa mpumbavu kuzikwa vipandevipande, na kwamba akisikia amegusa ngano atapanda basi mwenyewe kumfuata.

Mpaka wanaaga, Beryl alikuwa amesimama mbele ya sinki, mgongo kwa sinia, Pippa asipate pa kupita. Alilipangusa kwa karatasi mwenyewe, akalifunga gazeti, akawasindikiza hadi kanisani.

"Mayai mangapi?" aliuliza basi lilipotokea.

"Nane. Viini vitatu tu."

Beryl alirudia namba midomo ikicheza. Thelma akapanda, akakaa dirishani, sinia mapajani, Clifford pembeni yake akiguna kwa kila pengo la ukuta. Basi lilipotea nyuma ya kilima. Beryl akarudi nyumbani, akakuta kipande cha mwisho kimepoa jikoni, akakipaka jamu kidogo, akala amesimama.