Bunduki ya Bherulal na Nyumba Yangu Iliyokimbia

Sisi wahunzi wa mkokoteni tuliapa zamani, ngome yetu ya Chittor ilipotekwa na adui, kwamba hatutakaa chini ya paa. Basi nyumba yangu ina magurudumu mawili na ng'ombe wawili, na ndani yake nimezeeka nikizunguka vijiji vya Mewar, nikinoa mundu na kuunga majembe. Anayepiga nyundo ni mke wangu, Rukki. Mimi hushika koleo na kutoa maoni.

Mwaka mmoja, karibu na sikukuu ya Holi, tulipiga kambi kijiji cha Dhaneria. Mkulima aitwaye Bherulal akaniletea bunduki ya utambi ya mababu zake. Ukoo wake ndio hutoa mlio wa kwanza wa sikukuu pale kijijini, lakini bunduki ilikuwa imegoma. Ikigoma tena, heshima hiyo inahamia kwa jirani.

"Fundi, bunduki unaziweza?"

Nikasokota sharubu. "Mimi na bunduki ni ndugu."

Rukki akakohoa. Alijua niliwahi kutengeneza moja tu, tena ya mbao, ya wacheza maigizo.

Nikausugua mtutu kwa mchanga na majivu. Nikaunda upya kile kikono kinachoshika utambi, nikaziba kitako kilipoliwa na mchwa. Ubavuni mwa mtutu palikuwa na bonge jekundu la samli na unga wa ibada, kwa sababu kila mwaka, siku ya kuabudu silaha, nyumba nzima huipaka. Hilo sikuligusa. Nani akwangue baraka za watu? Nikaongeza na samli yangu juu yake.

Asubuhi ya sikukuu tukaijaribu. Kwa kuwa sikumwamini sana huyo ndugu yangu, nilimfunga kwa kamba ubavuni mwa mkokoteni. Nikashindilia baruti mtutuni, nikatia chembe kwenye kibakuli cha kuwashia kilicho ubavuni mwake, nikashusha utambi. Fyuu! Moto ukawaka kibakulini, ukaondoka na sharubu za upande mmoja. Mtutu kimya.

"Ndugu yako hakutambui," Rukki akasema.

Nikadhani ina njaa, nikaiongezea baruti. Fyuu! Zikaenda na za upande wa pili. Nikaongeza tena.

Bherulal akachuchumaa, ameshika kichwa. "Jirani ameshatoa ya kwake nje. Anaipangusa huku anaimba!"

Rukki akainama. "We baba Nathu, hebu niambie, moto unaingia ndani kwa wapi?"

"Kwa tundu, mwanamke!"

"Lionyeshe."

Kidole changu kikatua juu ya lile bonge jekundu.

"Ina maana tumeiziba kwa kuiabudu?" Bherulal akanong'ona.

"Na huyu kakandika samli ya mwisho," Rukki akasema.

Rukki aliigusa bunduki, akagusa paji la uso wake, akabandua bonge kwa msumari na kulipokea kwenye ushungi lisianguke chini. Kisha akazibua tundu kwa sindano.

Nikashusha utambi. Baruti ya mara tatu ikajibu kwa mpigo mmoja. Ng'ombe, ambao sikukumbuka kuwafungua, wakatimka na nyumba yangu, sufuria zikimwagika, bunduki ikiwa bado imefungwa ubavuni. Tuliikuta barazani pa wazee, inafuka moshi.

"Mlio wa kwanza tumeusikia," mzee wa baraza akasema. "Bunduki ya nani hii?"

"Yangu!" Bherulal akajibu, akihema. Jirani akafunika ya kwake.

Kwenye karamu Rukki alipewa ushungi mpya. Mimi nikapewa samli, nipake mdomo ulioungua.