Bidoni ya Kwa Nadège

Watu wa mtaa waliuita mchezo ule Babili. Jina lake halisi lilikuwa refu, la kizungu, limechapwa kwa herufi za moto juu ya kasha, na hakuna aliyejisumbua kulitamka. Babili, kwa sababu bila watu wawili hauchezeki. Wawili wanashika bunduki, wawili wanaingia katika mji uliobomoka, wawili wanatoka. Akifika mmoja peke yake kwenye mlango, mlango haufunguki hata akiupiga teke mpaka kesho. Hivyo ndivyo Nadège alivyowaeleza wazazi waliokuja kulalamika. Na mdomo wa kueleza alikuwa nao, maana alifundisha miaka sita kabla madarasa yao hayajageuzwa makazi ya watu waliokimbia vijiji vyao.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kusahihisha watu hadharani. Mashine aliipata kwa mfanyakazi wa shirika fulani aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na pamoja nayo zikaja diski mbili. Ya mpira wa miguu ilichakaa ndani ya mwaka mmoja. Ikifika dakika ya ishirini inakwama, wachezaji wote wamesimama mguu mmoja juu. Ikabaki Babili. Kwa hiyo wanaosema leo kwamba Nadège aliwachagulia vijana wa mji wa Baraka mchezo wa risasi wanasema uongo. Alibakiwa nao tu.

Chumba kilikuwa cha mbele katika nyumba ya mama yake, Mama Florentine: televisheni moja, benchi mbili, paneli ya jua juu ya bati. Kila alasiri kilijaa. Nadège alikaa mlangoni, akawa anaangalia mchezo kama alivyokuwa anaangalia daftari za wanafunzi, na baada ya muda aliujua kuliko wote. Aliusifu alipostahili kuusifu. Mchezo ule ulimnyima mjanja nafasi ya kushinda peke yake. Risasi ziligawanywa. Kuna mahali mmoja alibeba taa na hakuweza kupiga, akawa mikononi mwa mwenzake. Na mtu akianguka hakufa papo hapo. Alilala chini akiita, na mwenzake alikuwa na sekunde thelathini za kurudi kumwinua, namba zikishuka juu ya kioo. Nadège alisimama mbele ya wazazi, kanisani baada ya ibada, akasema mchezo huu unawafundisha watoto wenu kutoachana. Alilisema kwa sauti ya mwalimu, na wengine waliitikia kwa vichwa.

Ubaya wake aliujua pia, ila huo hakuusema kanisani. Usipokuwa na mwenzako, mashine ilikupa mwenzi wa bandia, mjinga kabisa, anayetembea akitazama ukuta. Maadui wote walivaa kinyago kimoja, wanatoka asikokujua mtu, hawana mama. Na aliyeinuliwa aliinuka mzima, nguo safi, anakimbia. Nadège aliliona jambo hilo likimkera tangu mwanzo, akajiambia ni mchezo tu.

Sauti ya anayeanguka ilikuwa ya Kifaransa, daima ile ile, ikiomba arudiwe. Vijana waliigeuza ya kwao: unirudilie. Ikawa mzaha wa mtaa mzima. Mtu akiachwa nyuma na mzigo sokoni anapaza sauti, unirudilie, na watu wanacheka.

Mdogo wake wa mwisho, Guy, ndiye aliyeleta kanuni ya bidoni. Guy alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpole, si hodari wa kulenga hata kidogo. Lakini alikuwa harudi bila mtu. Hata mlango uwe mbele yake hatua mbili, akisikia ile sauti atageuka, ataingia tena kwenye moto, na mara nyingi walikufa wote wawili, chumba kizima kikamzomea. Mwenzake wa siku zote alikuwa Eddy, jirani, rika lake, aliyekula kwa Mama Florentine tangu hajui kufunga kifungo cha shati. Eddy alilenga vizuri kuliko wote waliopita pale. Kurudi ndiko hakukujua. Alikuwa anafika mlangoni peke yake, anabonyeza, anabonyeza, halafu ndipo anageuka kumtafuta Guy, na namba zimeshaisha.

Siku moja Guy, badala ya kukasirika, alivuta bidoni tupu ya njano ya mafuta, akaiweka ukutani, akamwambia Eddy akae. Kanuni ikawa hivi: aliyemwacha mwenzake chini mpaka namba zikaisha anakaa juu ya bidoni, hashiki maneti, kidude cha mkononi cha kuchezea, na hakuna wa kumwinua ila yule aliyeachwa, kwa kumpa maneti mkononi mwake mwenyewe. Wengine hawana ruhusa, hata Nadège mwenye chumba. Eddy alikaa sana juu ya bidoni ile. Mama Florentine akipita na beseni la mboga alikuwa anamwonea huruma, anamwomba Guy amsamehe mtoto wa watu, na Guy anacheka, anamwacha dakika mbili tatu, kisha anampa maneti. Hiyo ilikuwa raha yao.

Mwaka uliopita, kiangazi, alikuja mtu mmoja akakaa benchi ya nyuma alasiri tatu mfululizo. Hakucheza. Alitoka kwa wale wenye bunduki wa porini; kila mtu alijua na hakuna aliyeuliza. Nadège alidhani anawatazama wanaolenga vizuri. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba macho ya mtu yule yalimfuata Guy. Siku ya nne Eddy akatangaza kwamba anakwenda, huko milimani juu ya Lubondja, kulinda mashamba, na alilisema akitetemeka kwa furaha. Jioni ile ile Guy akakunja shati zake mbili.

Nadège alimkemea, akamwita mpumbavu, akasimama mlangoni akiwa amenyoosha mikono kufunga njia. Alimwambia huko hakuna wa kuinuka. Guy, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, hakubishana. Alimjibu neno moja tu, na Nadège amelibeba mpaka leo.

“Eddy hawezi kwenda yeye peke yake, yaya. Unajua vile anachezaka.”

Miezi minane ikapita. Vita vilisogea, vikarudi, watu wakashuka na magodoro kichwani. Habari za Guy hakuna. Kila alipopika, Mama Florentine alipakua sahani ya Guy, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mezani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka chakula kingine kipikwe. Ndugu walikuja kutoka Kazimia kuuliza kama watandike mikeka ya kilio. Aliwarudisha na samaki wao. Hawezi kumlilia mtu aliye hai, alisema, na mtu haliliwi kwa kukisia. Nadège hakujua amuunge mkono nani. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka hasa. Alitaka kitu kimoja tu, ajue. Kama Guy amekufa, mama yake akae chini amlilie kama watu wanavyoliliwa. Kama yuko hai, wamngoje. Kuishi katikati hakuishi mtu.

Mvua zilipoanza, Eddy akarudi. Alifikia kwa shangazi yake, mwembamba, kichwa kimenyolewa, na kwa wiki nzima aliwaambia wote waliouliza kwamba yeye na Guy walipotezana msituni. Mama Florentine alilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Aliyepotea anapatikana, alisema, na kuanzia siku ile akawa anapika kwa nguvu, anaimba nyimbo za kwaya, sahani iliyofunikwa ikawa inajazwa zaidi. Nadège alimtazama mama yake akiimba, moyo ukamwuma kuliko miezi yote minane.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Eddy akaingia kwa Nadège. Vijana watatu waliokuwa wanacheza walisimama wenyewe wakamwachia benchi. Akaomba kucheza, na Nadège, ambaye kwa kawaida alikuwa hashiki maneti mbele ya watu, akachukua ya pili, ile ya Guy, yenye kitufe kilichofungwa kwa uzi.

Kabla hawajaanza, Eddy akasema taratibu, “Ukate sauti, yaya.”

Nadège akaikata. Hakuuliza. Lakini neno lile lilimkaa, kwa sababu Eddy wa zamani alitaka sauti mpaka bati litetemeke.

Wakaingia katika mji uliobomoka bila sauti. Eddy alipiga kama zamani, haraka, bila kukosea. Walipofika hatua chache na mlango, Nadège akafanya jambo alilokuwa hajapanga: akajitokeza wazi, akaacha apigwe, akaanguka. Namba zikaanza kushuka. Eddy alikuwa tayari mlangoni. Akageuka. Akarudi kupitia moto wote, akamwinua. Nadège akajiangusha tena. Akarudi tena. Mara ya tatu akajiangusha mahali pabaya, katikati ya uwanja, mahali ambapo hata Guy asingefika, na Eddy akaja, akafa kabla hajamgusa. Mchezo ukarudia. Akaja tena, akafa. Ukarudia tena. Hakuangalia mlango kabisa sasa. Jasho lilimtiririka shingoni, midomo inahesabu. Mmoja wa wale vijana alianza kucheka, akanyamaza alipoona hakuna anayecheka naye.

Nadège alielewa. Mtu aliyepotezana na mwenzake hachezi hivyo. Alielewa na bado alitaka kusikia, na katika hilo alikuwa mkatili, mwenyewe hakatai. Aliinua rimoti akafungua sauti.

Ile sauti ikajaa chumba, ikiomba arudiwe.

Eddy akaweka maneti juu ya meza, polepole, kama yai. Hakulia. Alisema akitazama kioo.

“Aliniita vile-vile ya mu jeu, mu Babili. Unirudilie. Nikazani anachekesha, nikakimbia. Kisha nikasikia ni kweli.”

Nadège akashusha maneti ya Guy mapajani.

“Mu jeu banahesabu makumi tatu,” Eddy akasema. “Yeye aliniita tangu asubui mpaka jua ikakuwa katikati. Nilikuwa karibu, yaya. Nilikuwa mu majani, namusikia. Kisha sikumusikia tena.”

Wale vijana walitoka mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa, wasiguse mlango. Nadège alibaki na maneti ya Guy mapajani. Alitaka kumpiga Eddy. Alitaka pia kujipiga mwenyewe, yeye aliyesimama kanisani akasema mchezo unafundisha kutoachana. Umemfundisha nani? Umemfundisha Guy, aliyekuwa anajua tangu azaliwe, na umemfundisha kwamba aliye chini akiita vizuri atainuliwa. Eddy haukumfundisha chochote, au umemfundisha leo, wiki nyingi baada ya saa yake.

Eddy akasimama. Alitazama huku na huku kama mgeni, akaiona bidoni mahali pake ukutani, ina vumbi, kwa maana tangu Guy aondoke watu walikuwa wameacha kanuni ile ipotee. Akaifuta kwa kiganja, akakaa. Mikono juu ya magoti, mgongo ukutani, kama alivyokuwa anakaa Guy akiwepo.

Hapo ndipo Mama Florentine aliposukuma mlango wa ndani kwa nyonga, akiimba, sahani mbili mikononi. Alikuwa amesikia Eddy yupo. Moja ya Eddy, ugali na dagaa. Nyingine imefunikwa, ameibeba tu kwa furaha, ili ya Guy nayo ikae karibu na rafiki yake. Alipomwona juu ya bidoni akaguna kwa mzaha, akamwambia aache utoto, ainuke ale.

“Siwezi kuinuka, mama,” Eddy akasema.

Akauliza kwa nini, na bado alikuwa anatabasamu. Kisha akatazama maneti ya Guy mapajani mwa Nadège. Akatazama bidoni. Kanuni ile aliijua vizuri, maana alikuwa amemwombea Eddy msamaha mara nyingi: hapo anakaa aliyemwacha mwenzake chini, na mwenzake Eddy alikuwa mmoja tu. Nadège aliona tabasamu likiondoka usoni kwa mama yake kidogo kidogo, akashindwa kunyanyuka kumshika.

Mama Florentine akaweka sahani ya Eddy mezani. Ya pili akaifunua, akaitazama. Akapita nayo mpaka uani, na Nadège akasikia chakula kikimwagwa kwa kuku, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa miezi minane. Baada ya hapo kikasikika kilio, na majirani wakaanza kuja na mikeka.

Eddy alibaki pale. Watu walipita mbele yake wakiingia uani, wakubwa kwa wadogo, wengine wakimgusa bega, na shangazi yake akaja kumvuta mkono. Hakuinuka. Nadège alikuwa anazima mashine. Mtu akamwambia, mwambie basi kijana ainuke. Hakumwambia. Ruhusa hiyo hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingempa.