Joka Lililongoja Sabato

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Homa Bay akiwa na plasta mguuni. Aliteleza akitoka kuchota maji, kifundo kikavunjika, na daktari akamkataza shamba mpaka mfupa ushike. Mume wangu ni fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri, na harudi nyumbani ila Jumapili. Siku nyingine zote tulibaki wawili. Yeye ni Mjaluo na Msabato tangu ujana wake. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, na Dholuo changu ni cha kununulia samaki tu. Tuliongea Kiswahili, kifupi, cha heshima: umeamkaje mama, chai iko tayari mama, asante Nyar Kuria. Ndivyo alivyoniita, binti wa Kuria, kama wake wote wa boma lao wanavyoitwa kwa kule walikotoka.

Kaka yangu huuza vyombo vya umeme vya mitumba Isebania. Zamani, nikiwa bado shuleni, alinipa mashine ya gemu na diski moja, mchezo wa Kijapani uliotafsiriwa kwa Kiingereza. Niliupenda mchezo ule kama watu wanavyopenda mji waliokulia. Lakini mama alipokuja niliificha mashine kabatini. Niliona aibu, mke wa mtu, fundi wa kushona sare za shule, anacheza gemu?

Alasiri moja mvua ilinyesha, cherehani imetulia, mama amefumba macho kwenye kochi. Nikaitoa mashine, nikapunguza sauti ya televisheni, nikaanza safari upya. Muziki wa mwanzo ulipopiga, ule wa filimbi, mwili ulinisisimka kama zamani.

"Huyo kijana anaenda wapi?"

Niligeuka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Nikamweleza kwamba joka limemeza mito yote ya nchi, na kijana huyu ametoka kijijini kwao kutafuta wenzake wa kupigana nalo.

"Mito yote?" Akajivuta kukaa vizuri. "Na watu wanakunywa nini?"

"Ndiyo maana anaenda, mama."

"Basi aende. Usimsimamishe kwa ajili yangu."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikimaliza kushona mapema. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nami nikamsomea kwa Kiswahili, kila mtu na sauti yake. Tulipoingia kijiji cha kwanza, nikamwingiza kijana katika nyumba ya watu na kufungua sanduku lao, kama mchezo unavyoruhusu. Mama akashtuka.

"Unafungua mali ya watu bila hodi?"

Ikawa sheria. Kila mlango, yeye alisema hodi kwanza, kisha mimi nikabonyeza. Alitaka tumsalimie kila mtu kijijini, hata mzee asiye na la kusema ila kwamba kisima kimekauka. Mimi miaka yote niliwapita mbio watu wale. Sasa niliwasikia. Mjane mmoja kando ya bonde kavu alikuwa akisema kila ukimgusa, "Mume wangu alikuwa mvuvi." Mama akaniambia nimguse tena. Baadaye, tukipika, akaniambia baba mkwe pia alivua samaki kabla sijaolewa, jambo ambalo mume wangu hajawahi kunieleza.

Baada ya msichana anayetibu, tulipompata mwenzetu wa tatu, mzee anayerusha moto kwa mikono, mama aliuliza moja kwa moja, "Huyu ni mchawi?"

Nikasita. Kiingereza kilisema hivyo hasa.

"Mwite fundi wa moto," akaamua, na tukaendelea.

Alichopenda zaidi ni vita vyenyewe. Michezo mingine inataka vidole vyepesi, lakini katika huu wa zamani kila upande hungoja zamu yake. Adui anapiga, halafu anasimama anapumua, akikutazama, mpaka uamue. Mama alifikiria kama mtu anayecheza ajua, bao la Kijaluo, akigusa kidevu. "Msichana amtibu fundi. Kijana ajikinge. Fundi achome." Na mara nyingi alikuwa sahihi kunishinda. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona mgonjwa, aliwasimulia hadithi kwa Dholuo tangu mwanzo. Nilikamata maneno machache tu, lakini waliposhika vinywa nilijua amefika pale daraja linapovunjika.

Ijumaa moja alasiri tukalifikia joka. Lilijaza kioo kizima, nami nikaishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili. Tulipigana, likachoka, tukachoka. Kijana wa upanga akaanguka. Ndipo mama akatazama dirishani. Jua lilikuwa linagusa ziwa.

"Sabato inaingia. Zima."

"Mama, katikati ya vita haiwezekani kuhifadhi. Nikizima, tunarudi nyuma mbali sana."

Akafikiri. "Ni zamu ya nani?"

"Yetu."

"Joka haliwezi kutupiga tukiwa kimya?"

"Haliwezi, mpaka tubonyeze."

"Lina adabu kuliko watu," akasema. "Zima televisheni. Mashine iache ingoje."

Jumamosi ile roho yangu ilikuwa juu tangu asubuhi. Stima ya mtaa wetu hukatika wingu likipita tu, na mchana ngurumo zilianza upande wa ziwa. Mama hakutaka kusikia neno lolote la joka siku ya Bwana, lakini nilimwona akikitazama kijitaa chekundu cha mashine. Taa ya jikoni ilipofifia na kurudi, alifumba macho akaomba kwa sauti kwamba wagonjwa hospitalini wasikatiwe stima. Nikaitikia amina kwa moyo wote.

Jua lilipozama alisoma zaburi yake bila haraka, akafunga Biblia, akanitazama. Nikawasha televisheni.

Joka lilikuwa palepale, linapumua.

Mimi nilitaka kupiga. Lilikuwa limebakiza uhai kidogo, nami nikasema fundi wa moto anaweza kulimaliza.

"Na kijana aliyelala?"

"Tukishinda atainuka mwenyewe, mama."

"Hapana. Hatumalizi tukiwa tumeacha mtu chini. Msichana amwinue."

Nikabonyeza alivyosema. Kijana akasimama. Joka likatema moto wake mkubwa, kioo kikawa cheupe, na moto ulipopita fundi alikuwa ameanguka. Kama kijana angebaki chini, tusingekuwa na mtu wa kupiga. Nikampa mama pedi, nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepiga muhuri.

Joka likaporomoka. Mito ikatoka mdomoni mwake, ikashuka milimani, na muziki ule wa filimbi ukapanda. Nilikuwa nimeruka hadi katikati ya sebule. Mama alishangilia kwa kigelegele mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna mgeni.

Kesho yake mume wangu alipofika, mama alimketisha akamsimulia yote, kuanzia kijijini. Chai yake ikapoa.

"Mimi nimeucheza mara nyingi, lakini sijawahi kulifikia hilo joka," mume wangu akakiri.

"Wewe huwa hupigi hodi," mama akamwambia, kisha akanigeukia. "Nyar Kuria, mpigie kaka yako. Muulize kama ana safari nyingine."