Shangazi na Mbegu Nyekundu

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri, ingawa aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo kwa damu alikuwa mmoja tu: binti wa kaka yake. Mama wa binti huyo alifariki mtoto bado anatambaa. Baba mtu, dereva wa malori ya masafa marefu, akamleta kwa dada yake amefungwa kwenye shuka. "Nishikie kwa muda," alisema. Muda huo haukwisha.

Wakati ule Shangazi alikuwa amechumbiwa na mwashi, mwanamume mpole asiye na maneno mengi. Mwashi alisubiri. Aliuliza mtoto anarudi lini kwa baba yake, akasubiri tena, akauliza tena. Mwisho wa yote akaoa kwingine. Siku ya harusi ile Shangazi alikuwa uani, anamtengenezea mtoto mwanasesere wa maganda ya mahindi, anamkaza kiuno kwa uzi wa mgomba. Jirani aliyempitia alimkuta macho mekundu. Shangazi akasema ni vumbi la maganda, na jirani, kwa adabu, akakubali kuwa ni vumbi.

Hakuwa na pesa ya kununua vya kuchezea, ila mikono alikuwa nayo. Mvua zikianza, yeye na binti walikata vikonyo vya majani ya mpapai, wakavitoboa, wakapuliza filimbi mpaka majirani wakaja kuomba amani. Nyasi zikirefuka waling'oa shada zima na mizizi yake, wakaiosha, wakaisuka ikawa nywele za mwari. Mahindi yakikomaa, nyumba nzima ilijaa wanasesere. Na jua likishakausha kila kitu, waliokota maganda yenye mbegu zinazolia ndani wakafanya manyanga, wakacheza ngoma ya watu wawili. Kila kitu kilikuwa na hadithi yake. Filimbi ililia vile kwa sababu chura alikopa sauti ya mpapai, akakataa kuirudisha. Manyanga yalikuwa meno ya babu mmoja mchoyo aliyetafuna kwa siri mpaka yakamtoka yote.

Nyuma ya nyumba, kwenye ua wa miti, palitambaa mmea wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziking'aa kama zimepakwa rangi ya kucha. Hizo hazikuguswa. Mama yake Shangazi alimsimulia, naye akamsimulia binti, kwamba yale ni macho ya zimwi lililokufa na njaa yake, na anayeyatia mdomoni, zimwi humla kuanzia tumboni. Binti aliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Aliiomba kila mara, kisha akalala amejifunika gubigubi.

Binti akakua, akasoma, akatoka chuo cha ualimu. Baba yake hapo kati alioa, akajenga, akawa mtu wa kupita na mfuko wa matunda siku za mapumziko. Binti alipokodi nyumba yenye uwanja na kufungua shule ya watoto wadogo, mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Shangazi.

"Njoo tufanye wote," alimwambia. "Mimi nitakuwa mwalimu wa kwenye kibao cha mlangoni. Shule yenyewe ni wewe."

Shangazi aliyabeba maneno hayo miaka mingi. Alikaa chini ya banda la mabati, watoto wamemzunguka, anasuka, anafunga, anasimulia, na mzazi aliyekuja kumchukua mtoto wake ilibidi asubiri hadithi iishe, la sivyo angebeba kilio hadi nyumbani. Kati ya watoto wale alikuwepo mmoja waliyemwita Chiriku, binti wa mama mmoja fundi cherehani wa pale njia panda. Chiriku hakuwahi kunyamaza. Alizungumza na wanasesere, na viatu vyake, na mvua. Shangazi alijitahidi asimpendelee, na hakufanikiwa.

Kisha ikafunguliwa shule nyingine upande wa juu wa barabara, yenye bembea za chuma na wanyama wa plastiki. Wazazi wakaanza kuhama mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Mwalimu, maana sasa hata Shangazi alimwita binti hivyo mbele za watu, akaamua kufanya maonyesho, wazazi waalikwe, picha zipigwe, watoto wavae mashada na shanga za kazi ya mikono.

Shangazi alimwonyesha shanga walizotunga kwa mbegu za kahawia. Mwalimu alizigeuza viganjani.

"Nzuri, Shangazi, ila kwenye picha hazitaonekana. Nataka kitu chenye rangi."

"Tutazipaka."

"Watoto wakitoka jasho rangi itashuka nguoni. Nataka zile nyekundu za kule nyuma ya nyumba."

Shangazi alicheka, akidhani ni utani. "Macho ya zimwi?"

"Ni mbegu tu. Sokoni si wanauza bangili zake?"

"Wanaovaa ni watu wazima. Mtoto hutia kila kitu mdomoni, na wewe unajua."

"Watavaa asubuhi, tutawavua wageni wakiondoka. Nani atapata nafasi ya kutafuna shanga?" Kisha sauti ikamshuka. "Wiki hii wameondoka wengine tena. Nikifunga hapa, mimi na wewe tunakwenda wapi?"

Shangazi angeweza kukataa. Baadaye aliligeuza jambo hilo kila upande na kila mara alifika palepale: angeweza. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtoto huyu kitu alichokuwa na uwezo nacho, na siku hiyo hakujua kunyima kunaanziaje. Alizichuma yeye mwenyewe, akazitoboa kwa sindano ya moto mlango umefungwa ili mtoto asisogee, akazitunga, akanawa mikono mara nyingi.

Maonyesho yalifana. Wazazi walipiga picha, wengine wakaahidi kubaki. Jioni, Shangazi alipokuwa akiwavua watoto shanga, aliona uzi wa Chiriku umekatika na mbegu zimepungua. Akamfuata Mwalimu aliyekuwa anawasindikiza wageni.

"Za Chiriku hazijatimia."

"Zitakuwa zimedondoka nyasini," Mwalimu alisema huku tabasamu bado liko kwa wageni. "Kesho tutazitafuta."

Shangazi alizitafuta palepale, amepiga magoti, mpaka giza likamzuia. Hakuona hata moja. Akajiambia watoto wakati wa kucheza hutapanya vitu mbali. Chiriku alikuwa ameshachukuliwa na mama yake, anaimba.

Kufikia mchana wa pili mtoto alikuwa hospitali, anatapika, kisha anaharisha damu, kisha hana hata nguvu ya kulia. Mama yake alikuta mbegu moja imetafunwa nusu mfukoni mwa gauni alilomshonea kwa ajili ya maonyesho. Daktari alipoiona aliuliza nusu iliyobaki iko wapi. Chiriku alilala pale muda mrefu. Hakufa. Alirudi nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, na figo zake zikawa za kupimwa kila mara, na hakuna aliyeweza kumwambia mama yake hilo litaisha lini.

Kabla ya kikao cha wazazi, kaka yake Shangazi alikuja, safari hii bila matunda. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia barabara mbovu. Mwisho akafika kwenye lililomleta.

"Dada, shule ikifungwa, mtoto wetu amekwisha. Bado kijana yule. Wewe umri umeshakwenda, huna cha kupoteza."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hakunituma. Analia tu nyumbani kwangu."

Shangazi alimtazama mtu huyu aliyemwachia mtoto kwenye shuka. "Na jina langu?"

"Jina la nini tena? Watu husahau." Akamalizia chai, akashukuru.

Kikao kilifanyika darasani. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafikia kidevuni, na pengine siku nyingine wangecheka. Mwalimu alisimama mbele akasema kwamba kazi zote za mikono zilikuwa chini ya Shangazi, kwamba yeye siku zile alikuwa akishughulika na wageni, kwamba anaomba radhi kwa niaba ya shule, na kwamba kuanzia siku ile Shangazi hatashughulika tena na watoto.

Fundi cherehani hakumjibu Mwalimu. Alimgeukia Shangazi.

"Ulijua zina sumu?"

"Nilijua."

"Na nani alizichuma?"

"Mimi."

"Akazitoboa nani?"

"Mimi."

Shangazi alimtafuta Mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Kilichomchoma Shangazi ni kwamba yote aliyoyajibu yalikuwa kweli. Angesingiziwa, angekuwa na pa kushika.

Shule haikufungwa. Bembea zikanunuliwa. Akaajiriwa msichana wa kumrithi, na kona ya banda ikaandikwa kwa herufi za rangi kwamba ni kona ya mazingira. Mtaani jina la Shangazi likafa lenyewe. Akawa "yule wa mbegu". Bombani walimsalimia vizuri, wakamsogezea hata ndoo, ila wenye watoto waliwashika mikono.

Alikwenda kumwona Chiriku. Fundi alikuwa kwenye mashine, anashona pazia, na hakuiachia pedali.

"Amelala," alisema.

Ndani sauti ya mtoto ilikuwa inahesabu vifungo, inavipa majina. Wote wawili waliisikia.

"Mimi yule mwalimu wako nilimpa ada," fundi alisema, macho kwenye kitambaa. "Mtoto nilikukabidhi wewe." Mashine ikaenda, ikasimama. "Watu wanasema wazo halikuwa lako. Niambie kama ni kweli."

Shangazi alisimama pale mlangoni. Alikuwa na jibu mdomoni, fupi tu, jina la mtu mmoja.

"Aliyezitoboa ni mimi," alisema.

"Basi usije tena."

Hakwenda tena.

Mvua zilipokaribia, Mwalimu akaja. Alibisha hodi kama mgeni, akakaa ukingoni mwa kiti. Alizungumza habari za baba yake, za paa la shule, kisha akatoa simu.

"Watoto wanaziulizia hadithi, Shangazi. Msichana yule anasoma vitabuni, hawamsikilizi. Nimefikiri nirekodi sauti yako. Hatutataja ni nani, wazazi wasije juu."

Shangazi alikuwa akichambua mboga. Aliendelea.

"Uliwahi kumwendea yule fundi?" aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi kuhusu rangi kwenye picha."

Mwalimu akaanza kulia, kilio kilekile cha utotoni, mabega yanatangulia. Zamani Shangazi angeacha kila kitu. Sasa alitazama mikono yake mwenyewe ikitoa majani mabovu na kuyaweka pembeni, na akashangaa kwamba haikusimama.

"Kukulea sikukudai, na sikudai leo," alisema. "Lawama nimekubebea, nitaendelea nayo. Hadithi sikupi."

"Shangazi, utanitupa?"

"Nenda mwanangu, mvua itakukuta njiani."

Mwalimu alikaa kidogo zaidi, kama anayengoja kubembelezwa, kisha akachukua mkoba wake akaondoka. Baada ya hapo alituma salamu kupitia kwa baba yake, na baba yake alizileta zikiwa zimepungua kila safari, mpaka zikaacha kuja.

Shangazi alihama. Alipata kazi ya kufua katika nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, mahali ambapo watu hulala usiku mmoja na hawamjui mtu. Alikunja shuka na mwanamke mwingine, kila mmoja ameshika ncha zake, wanasogeleana na kuachana siku nzima. Mwanamke huyo alikuwa mcheshi, mwenye wajukuu wengi na kesi za wajukuu zisizokwisha. Siku moja, katikati ya shuka, akamuuliza, "Na wewe mwenzangu, una watoto?"

"Sina," Shangazi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulijibu swali hilo hivyo. Mwenzake akasema pole, na Shangazi akasema asante, akamkabidhi ncha, akainama kuchukua shuka nyingine.